Ukitaka kuwasikia Wakurdi wenyewe, jua kwanza kipaza sauti ni cha nani

Mleta mada anasema tangu aione ile video ya Julai 2025, wapiganaji wa PKK, chama cha Wakurdi wa Uturuki kilichoshika silaha dhidi ya serikali yake, wakitia bunduki zao motoni milimani karibu na Sulaymaniyah, ametamani kuwafuatilia Wakurdi kwa midomo yao wenyewe badala ya kupitia mashirika makubwa ya habari. Shida yake ni kwamba akifungua ukurasa huu wanashangilia, ule wanalaani, wa tatu hata habari yenyewe haumo. Anauliza aanzie wapi, na kama inabidi ajifunze lugha.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Köln, na ghala ninalofanyia kazi limejaa Wakurdi. Hao ndio walionizoesha kusoma habari zao, kila mmoja wakati wa mapumziko akinisukumia simu yake na kuninong'oneza kwamba yule pale nisimsikilize.

Bwana, ukingoja sauti moja ya Wakurdi utangoja sana. Ni watu kati ya milioni 30 na 40, wamegawanyika Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwaachia mlango wa kupata nchi yao, ule wa Lausanne wa 1923 ukaufunga. Tangu hapo kila kundi limekulia chini ya serikali yake, shule zake na jela zake. Ninao wenzangu wawili, mmoja wa upande wa Mardin kule Uturuki, mwingine wa Sulaymaniyah, Iraq. Wakianza kuzozana siasa huzozana kwa Kijerumani. Wa kwanza lugha yake ni Kikurmanji, kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini alizozieneza Celadet Alî Bedirxan kupitia jarida la Hawar, Damascus, kuanzia 1932. Wa pili ni mtu wa Kisorani, herufi za Kiarabu. Kila mmoja anaishi kwenye mtandao ambao mwenzake hawezi hata kuusoma. Sasa ukisoma tafsiri ya Kiingereza tu, huoni kwamba unasikiliza watu wasiosikilizana.

Anza na Iraq, maana huko Wakurdi wana serikali yao ya jimbo na ndiko kuliko na studio zenye fedha. Na ukiona vyaelea, vimeundwa. Rudaw, runinga ya Erbil, mji mkuu wa jimbo, inajulikana kuwa karibu na Nechirvan Barzani, rais wa jimbo. Kurdistan 24, iliyoanza 2015, iko karibu na binamu yake Masrour Barzani, waziri mkuu. Hao wote ni wa chama cha KDP. Ukivuka kwenda Sulaymaniyah unakuta Kurdsat, ya chama cha PUK cha akina Talabani. Halafu kuna NRT ya mfanyabiashara Shaswar Abdulwahid, ambayo ilichomwa moto Februari 2011, siku chache tu baada ya kuanza kurusha matangazo, na mwenyewe baadaye akaanzisha chama chake. Sisemi kwamba hawa ni waongo. Rudaw ina waandishi wanaofika mstari wa mbele kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi huifungua kila siku. Nasema tu kila mwenye runinga ana wa kumtetea, na kwenye maoni chini kila mmoja ana machawa wake.

Kama unataka kuona jambo hili kwa macho yako, chukua tukio moja: Kirkuk, 16 Oktoba 2017. Wiki tatu kabla, tarehe 25 Septemba, Wakurdi wa Iraq walipiga kura ya maoni na zaidi ya asilimia 90 wakataka uhuru. Kisha jeshi la Iraq na wanamgambo wa Kishia wakaingia Kirkuk, mji wa mafuta, na Peshmerga, wapiganaji wa jimbo la Wakurdi, wakaondoka karibu bila kupigana. Rudi kwenye kumbukumbu za vyombo vyenyewe. Upande wa KDP utasoma neno usaliti: sehemu ya PUK imeuza mji kwa makubaliano ya siri. Upande wa PUK utasoma kwamba waliokoa damu, na kwamba aliyeleta balaa ni kiongozi wa KDP aliyeng'ang'ania kura wakati Marekani, Uturuki na Iran zote zilishamwambia asifanye. Mji ni uleule, siku ni ileile, na wanaoandika wote ni Wakurdi wanaolia kwa ajili ya Kirkuk. Ukielewa zogo hilo moja umeelewa nusu ya yanayoandikwa Erbil na Sulaymaniyah hadi leo, maana vyama hivi vilishapigana vita vyao kwa vyao kati ya 1994 na 1998 na kidonda hakijafunga.

Na wale wasio na chama? Wapo, ila wanalipa. Gazeti la Hawlati lilianza mwaka 2000 kama gazeti huru na limeshapelekwa mahakamani mara nyingi. Sardasht Osman, mwanafunzi wa Erbil aliyeandika makala ya kejeli kuhusu familia ya Barzani, alitekwa mbele ya chuo chake Mei 2010 na maiti yake ikaokotwa Mosul. Kawa Garmyani, aliyekuwa akifichua ufisadi, aliuawa kwa risasi huko Kalar Desemba 2013. Kwa hiyo ukikuta mwandishi Mkurdi wa Iraq anaandika kwa ukali usio na mipaka, angalia anapoishi. Mara nyingi yuko Uswidi, Uingereza au hapa Ujerumani. Ana uhuru, lakini pengine hajakanyaga nyumbani miaka mingi. Aliyebaki Sulaymaniyah anaandika kwa mafumbo, na ndiye anayejua bei ya mafuta ya taa na mishahara ya walimu iliyochelewa. Wasome wote wawili.

Uturuki ni habari nyingine kabisa. Huko sheria namba 2932 ya 1983 ilikataza kutoa fikra kwa lugha yoyote isiyokuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi inayotambuliwa na Uturuki. Kikurdi hakikutajwa hata kwa jina, na kikawa kimepigwa marufuku. Ikafutwa 1991, lakini waandishi wakaanza kuanguka: mzee Musa Anter aliuawa Diyarbakır Septemba 1992. Magazeti yakawa yanafungwa Jumatatu na kufunguliwa Jumatano kwa jina jingine, na desturi hiyo imehamia mtandaoni. Ukiipenda tovuti ya Kikurdi ya Uturuki usiiwekee alama tu ukasahau, kwa sababu mwakani inaweza kuwa na anwani mpya au isiwepo. JINHA, shirika la habari la wanawake lililoanzishwa Diyarbakır tarehe 8 Machi 2012, lilifungwa kwa amri ya serikali Oktoba 2016. Mmoja wa waanzilishi wake, Zehra Doğan, alifungwa jela hadi Februari 2019, na kilichotajwa mahakamani ni mchoro wake wa mji wa Nusaybin ukiwa magofu yenye bendera za Uturuki. Wakati huohuo serikali yenyewe ina runinga ya Kikurdi, TRT Kurdî, hewani tangu 1 Januari 2009. Muziki wao mzuri, habari zao ni za Ankara.

Hapa niwaguse Wakenya wenzangu. Nikimwambia Mkurdi wa makamo kwamba natoka Kenya, jibu huwa moja: Nairobi. Mzee mmoja wa ghalani alininyima salamu wiki nzima, kisha akaniletea chai na tukaongea. Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, alitolewa Syria Oktoba 1998 baada ya Uturuki kutishia vita, akazunguka Urusi, Italia na Ugiriki, akaishia kufichwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki jijini Nairobi. Tarehe 15 Februari 1999 akatolewa humo akiamini anasafirishwa kwenda mahali salama, akajikuta mikononi mwa majasusi wa Uturuki. Ulaya ikawaka. Balozi za Ugiriki zilivamiwa, za Kenya nazo hazikusalimika, na Wakurdi wanne walikufa kwa risasi za walinzi kwenye ubalozi mdogo wa Israel, Berlin. Sisi nyumbani tulilisikia siku mbili tatu likapita, maana bado tulikuwa tunauguza bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998. Kwao siku hiyo ina jina, Siku Nyeusi, na huandamana kila mwaka. Hapa kwetu Köln nimeona mabango yake.

Tarehe hiyo ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Ikifika 15 Februari fungua kurasa tano za Kikurdi. Zilizo karibu na PKK, kama shirika la ANF, zitaandika "njama ya kimataifa" na kumwita Öcalan kiongozi, au Apo, kifupi cha jina lake. Rudaw itaandika "kiongozi wa PKK aliyefungwa", na habari itakuwa fupi. TRT Kurdî itamwita gaidi. Sasa ukija kusoma habari ya Februari 2025, Öcalan akiwa bado gerezani İmralı na kuwaambia watu wake waweke silaha chini, na ile ya Mei mwaka huohuo PKK ikitangaza kujivunja, unajua kila mwandishi amesimama wapi kabla hujamaliza aya ya kwanza. Ndiyo maana ya yale uliyoyaona, mleta mada. Aliyeshangilia ile video na aliyelaani wote walikuwa wakiendeleza sentensi waliyoianza 1999 au kabla.

Syria na Iran nitapita haraka. Rojava, yaani eneo la Wakurdi wa Syria, ilijulikana duniani kwa Kobanî, mji uliozingirwa na ISIS kuanzia Septemba 2014 hadi Januari 2015, na hapo ndipo picha za mabinti wenye bunduki zilipofurika. Kuwa mwangalifu nazo. Kuna moja ya dada aliyenyoosha vidole viwili. Mtandao ulimpa jina lisilo lake na kudai ameua magaidi zaidi ya mia, bila ushahidi wowote. Iran intaneti huzimwa kila moto unapowaka, ilikuwa hivyo Novemba 2019, ikawa hivyo tena baada ya Jina Mahsa Amini, binti wa Saqqez, kufariki Tehran 16 Septemba 2022. Siku kama hizo tegemea mashirika ya haki za binadamu yaliyo nje yenye watu ndani, kama Hengaw ya Norway, ambayo huandika jina, mji na tarehe ya kila aliyekamatwa. Ni usomaji mkavu na mzito, lakini hauna porojo. Na mtafute Behrouz Boochani, Mkurdi wa Ilam, mwandishi aliyezuiliwa miaka kadhaa na Australia kisiwani Manus. Aliandika kitabu kizima kwa ujumbe wa simu, akiutuma kipande kwa kipande kwa WhatsApp, na kikashinda tuzo kubwa ya Australia 2019 yeye mwenyewe akiwa bado haruhusiwi kuingia nchi hiyo.

Mambo ya kiutendaji. Unapotafuta, tumia majina yote ya mji: Amed na Diyarbakır, Hewlêr na Erbil, Kobanî na Ayn al-Arab. Jina unaloandika ndilo linalochagua upande utakaokuletea majibu. Tafsiri ya Google ina Kikurmanji tangu 2016 na Kisorani tangu 2022. Inatosha kujua habari inahusu nini, haitoshi kujua kejeli, na Wakurdi wanakejeli kweli.

Kwa mnaoishi Ujerumani: PKK imepigwa marufuku hapa tangu 1993, na kuonyesha alama zake hadharani ni kosa, Facebook ikiwemo. Sijui kama wataregeza baada ya chama kujivunja, ila mimi sijaribu. Kusoma ni kusoma. Kusambaza picha yenye bendera ni jambo jingine, hasa kama kibali chako cha kuishi kinakaribia kuisha. Na wengi wetu tunapitia Istanbul tukienda nyumbani likizo. Wapo raia wa Ujerumani wenye asili ya Kikurdi waliokamatwa walipotua Uturuki kwa sababu ya walichokiposti tu. Mimi nafuata akaunti zote nizitakazo na sigawi chochote chenye nembo.

Kuhusu lugha: kama lengo lako ni siasa tu, huhitaji. Lakini siasa ni upande mmoja wa watu hawa, tena ndio unaochosha. Vilivyonifanya nibaki ni vile visivyo na bendera: wazee wa dengbêj wa Diyarbakır wakiimba kisa kirefu cha ugomvi wa koo mbili bila ala yoyote, mama wa Duhok anayefundisha kukunja dolma, majani yaliyojazwa wali, kwenye YouTube akimgombeza mumewe anayeshika kamera, mioto ya Newroz, mwaka mpya wao, huko Akre kila Machi, vijana wakipanda mlima na mienge usiku. Kwa hayo jifunze Kikurmanji, kwa sababu herufi zake unazisoma leo hii na masomo ya bure mtandaoni ni mengi kuliko ya Kisorani. Ukishaweza salamu, nenda kwenye duka lolote la kinyozi la Mkurdi ulipo umsalimie kwa lugha yake. Kipindi hicho cha kunyolewa kitakuwa kirefu, na utatoka na akaunti za kufuata ambazo mimi sizijui. Ukizipata zilete hapa kwenye uzi.