Mchanga wa pwani haufai kutiwa katika chujio la bwawa

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumbani kwetu Mbweni tuna bwawa dogo la kuogelea lililojengwa miaka sita iliyopita, na wajukuu zangu huogelea humo kila wanaporudi skuli. Tangu mvua za masika maji yake hayatakati. Yamekuwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele, ingawa klorini inatiwa. Fundi wetu huosha chujio kila asubuhi, na sasa anasema mchanga uliomo umechoka. Kwa kuwa mchanga wa chujio huuzwa kwa mifuko na bei yake ni kubwa, ametushauri tutie mchanga wa pwani baada ya kuutoa chumvi. Je, tumfuate?
Bibi wa Mbweni, Unguja

JIBU: Wa alaykum salaam, Bibi. Ninaanza na mchanga wa pwani, kwa kuwa hilo ndilo kosa ambalo likishafanyika ni taabu kulitengua. Usikubali utiwe, hata ukioshwa mara saba. Weupe wake ndio unaowapoteza watu. Mchanga wa fukwe zetu nyingi umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi, na kwa asili yake ni kitu kimoja na lile jiwe ambalo wazee wetu walilichoma tanuuni wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Mji Mkongwe. Chembe zake ni laini, husuguana zikawa vumbi, na vumbi hilo hupenya likarudi bwawani. Kila mnapotia asidi ya kurekebisha maji, mchanga huo nao huyeyuka kidogo kidogo na kuyaongezea maji chokaa ambayo tayari yanayo nyingi. Baada ya muda chembe hushikana, na ndani ya tangi mnabaki na bonge la jiwe badala ya chujio.

Kama unataka kuyaona haya kwa macho yako, chukua kijiko cha mchanga wa pwani, kikamulie ndimu au kitie siki, kisha utazame. Ukitoa mapovu, huo ni wa matumbawe. Mchanga unaofaa ni wa silika, ambao hautoi povu lolote, ni mgumu, na chembe zake zimechekechwa zikalingana, kwa kawaida karibu nusu milimita hadi milimita moja. Kibandiko cha tangi lenu kitaeleza kipimo chake hasa pamoja na uzito unaohitajika. Tangi lenye upana wa sentimita 60, kwa mfano, hubeba takriban kilo 140. Mchanga wa shimo tunaojengea nao haufai, kwa sababu una udongo na chembe zake hazilingani.

Nakuja katika kuosha, yaani kuyapitisha maji kinyume ndani ya mchanga ili yatoke nje na uchafu wake, ambako nadhani ndiko yaliko maradhi yenyewe. Fundi wenu anafanya kazi kwa bidii, lakini kuosha chujio kila siku ni kulinyima nafasi ya kufanya kazi yake. Mchanga uliotoka kuoshwa huzuia takataka kubwa tu. Zile ndogo kabisa, ambazo ndizo zinazoyapa maji weupe unaouona, huanza kunaswa vizuri pale ambapo uchafu wa mwanzo umekaa baina ya chembe na kuzibana zile njia. Ukiosha kila asubuhi, kila asubuhi unaanza upya. Isitoshe, pampu inayosukuma mita 10 za ujazo kwa saa hutupa lita 500 katika dakika tatu za kuosha, yaani ndoo 25 za lita 20, na katika mji ambao majirani hupanga foleni ya maji, hilo haliwezi kupuuzwa.

Kinachopaswa kuamua siku ya kuosha ni geji ya presha iliyo juu ya tangi, wala si kalenda. Mara tu baada ya kuosha, isomeni na muandike nambari yake kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi lenyewe. Presha ikipanda kwa nusu bari hadi sehemu saba ya kumi ya bari juu ya nambari hiyo, osheni; kabla ya hapo liacheni. Ikiwa imeshuka chini ya nambari hiyo, chujio halina kosa, bali pampu haipati maji ya kutosha: tazameni kikapu chake kama kimejaa majani ya mwembe, na kina cha maji bwawani.

Wakati wa kuosha, pampu izimwe kwanza kila mara mkono wa vali, yaani ule wa kuchagulia kuchuja, kuosha au kusuuza, unapogeuzwa, kwani kuugeuza huku maji yanasukumwa huharibu mpira wa ndani, na mpira huo ukishaharibika, maji machafu hupita bila ya kuchujwa na nyote mtalaumu mchanga. Osheni kwa dakika mbili au tatu mpaka kioo kidogo cha kutazamia kionyeshe maji safi, zimeni, sogezeni mkono kwenye kusuuza kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja, zimeni tena, ndipo murudi kwenye kuchuja. Hatua ya kusuuza hurukwa na mafundi wengi, na ikirukwa, uchafu uliobaki katika mabomba hurudi moja kwa moja bwawani. Maji hayo ya kuosha yasielekezwe karibu na kisima, kwa sababu miamba yetu ya matumbawe ina matundu na hupitisha maji upesi.

Kabla hamjanunua mchanga mpya, pimeni klorini iwe baina ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na asidi ya maji, yaani kile kipimo cha pH, iwe baina ya 7.2 na 7.6. Chujio haliui mwani wala vijidudu. Hiyo ni kazi ya klorini, na chujio huondoa kilichokwisha kufa. Pia angalieni muda wa pampu. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita moja na nusu lina mita 48 za ujazo, ambazo kwa pampu niliyoitaja zinahitaji karibu saa tano kupita mara moja tu, na mara moja haitoshi kuyatakasa maji yaliyokwisha kuchafuka.

Mkishafanya hayo kwa wiki moja bila ya mafanikio, pampu izimwe, presha itolewe, na tangi lifunguliwe. Mchanga mzuri huwa umelala sawa na ukiushika unatawanyika. Mkikuta mashimo, mabonge, au unaoteleza kwa mafuta ya nazi na ya kujikinga na jua, basi fundi amesema kweli, na kwa umri wa miaka sita si ajabu, kwani mchanga wa silika hudumu kiasi cha miaka mitano hadi saba. Visima vya Unguja hutoa maji yenye chokaa, na klorini ya unga huongeza nyingine, kwa hivyo mabonge huja mapema hapa kwetu.

Wa zamani utolewe kwa kata au kopo, bila ya sepetu, kwa sababu chini kuna vibomba vya plastiki vyenye vitobo vyembamba ambavyo huvunjika kwa urahisi. Tieni maji hadi nusu ya tangi kabla ya kumimina mchanga mpya, ili uzito wake usivipige, na muzibe mdomo wa bomba la kati. Anayemimina avae barakoa, kwa kuwa vumbi la silika hudhuru mapafu. Kisha mchanga huo uoshwe kwanza ndipo chujio litumike.

SWALI: Chini ya tundu linalorudisha maji bwawani kwetu huonekana mchanga kila siku. Tumebadilisha mchanga mwaka huu. Nini sababu?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Ndugu yangu, kama mchanga ulitiwa siku mbili tatu zilizopita, hayo ni mabaki yake na yatakwisha baada ya kuosha na kusuuza. Kama ni miezi, basi kibomba kimoja cha chini kimevunjika au bomba la kati limepasuka, pengine siku ile ile mchanga ulipomiminwa katika tangi kavu, na hakuna dawa isipokuwa kulimwaga lote na kubadilisha kilichovunjika. Ila kwanza ushike huo mchanga kwa vidole chini ya maji. Ukihisi chembe, fungua tangi. Ukitawanyika kama moshi, huo ni mwani wa manjano, na unachohitaji ni brashi na klorini.