Maduka ya Usita wa Mui: Majibu kwa Wasomaji

Maswali yaliyonifikia mara hii yanahusu majengo ya biashara ya Usita wa Mui, njia kuu inayoukata mji wa Lamu kutoka Mkomani hadi Langoni. Nimeyapokea kwa furaha, kwani wageni huonyeshwa milango ya nakshi na nyumba za kifahari, na maduka yakapitwa kana kwamba hayana historia.

Mzee mmoja ameniambia kwamba njia hii ilikuwa ufukweni. Je, ni kweli?

Ni kweli. Zamani bahari ilifika karibu na hapo, na Ngome yetu, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1821, ilisimama ukingoni mwa maji. Baadaye eneo la mbele lilijazwa kidogo kidogo, yakainuliwa majumba ya ghorofa yenye matao na veranda zinazotazama bahari, nayo njia ya pwani ikabaki ndani ya mji ikawa ya maduka. Walioibadilisha zaidi sura yake ni wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, Mabohora wakiwemo. Nyumba kongwe ya Lamu huupa mtaa mgongo: mgeni hukaribishwa kwanza kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, wala mpita njia haoni ndani. Duka, kinyume chake, lilifunguliwa wazi kuelekea njia, bidhaa zikiwa chini na wenye duka wakiishi juu. Ukitembea polepole kuanzia Ngome, utaziona namna zote mbili zikiwa zimepakana, wakati mwingine ukuta mmoja ukizibeba zote mbili.

Kwa nini Wajerumani walifungua posta Lamu, ilhali mji ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar?

Jibu liko Witu, bara. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kwa Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kama Simba, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake huko. Witu haikuwa na bandari ya maana, kwa hiyo barua na bidhaa zao zilipitia Lamu. Posta ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888 katika nyumba ya kawaida iliyo kwenye njia hii hii, ikatumia stempu za Ujerumani zilizogongwa mhuri wa Lamu. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, na tarehe 31 Machi 1891 posta ikafungwa. Leo nyumba hiyo ni makumbusho madogo, na kwangu mimi thamani yake ni kwamba inaonyesha siasa za Ulaya zikipangisha chumba kati ya maduka yetu.

Mbona majengo haya hayakubomolewa kama yalivyobomolewa mengi ya Mombasa?

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliivuta biashara ya bara kwenda huko. Lamu ilipungukiwa na fedha za kujenga upya, na umaskini huo, ingawa uliwaumiza wazee wetu, uliziacha kuta zao.

Nimerithi duka la babu. Nitajuaje umri wake, na je, nikubali ushauri wa fundi anayetaka kulipiga plasta ya saruji?

Anza na karatasi: hati za milki, ambazo pwani zilianza kusajiliwa kwa sheria ya mwaka 1908, pamoja na nyaraka za wakfu, kwa kuwa maduka mengi yaliwekwa wakfu kwa misikiti au kwa jamaa. Kisha inua macho. Dari iliyobebwa na boriti za mikoko huwa na chumba chembamba, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Penye chumba kipana bila nguzo, tazama kama kuna chuma au zege, kwani hiyo ni dalili ya kazi ya baadaye.

Kuhusu saruji, ndugu yangu, nakusihi ukatae. Ukuta wako ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, nao hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia usoni mwake. Saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua plasta hubambuka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Chokaa ni laini na huhitaji kupakwa tena mara kwa mara, lakini hukubali kuharibika yenyewe ili jiwe lisalie. Mtafute fundi anayejua kuiloweka vizuri kabla ya kuitumia. Na kwa kuwa mji mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, zungumza kwanza na maofisa wa Makumbusho ya Taifa hapa Lamu kabla hujaligusa jiwe lolote, hasa ukikusudia kupanua mlango wa mbele.