Dini za Kale Katika Modi ya Mchezo wa Mkakati: Usianze na Rangi za Ramani

Toleo la kwanza la modi yangu (mabadiliko ambayo mchezaji huufanyia mchezo wa kompyuta), iliyohusu ulimwengu wa Mediterania baada ya kifo cha Aleksanda Mkuu, lilikuwa na ramani ya dini yenye kupendeza macho: kila jimbo na rangi yake, kila rangi na asilimia yake ya waumini. Nilipolijaribu, Roma iliiteka Misri, ikapeleka makuhani wake, na baada ya zamu 30 hivi Isis, mungu wa kike wa Wamisri, alikuwa amefutika kabisa. Msimbo ulifanya kazi kama nilivyouandika. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilichukua utaratibu unaofaa Enzi za Kati, ambamo mtu huacha dini moja na kuingia nyingine, nikawatwisha watu ambao hawakuona ajabu kumtolea sadaka mungu wa ukoo wao asubuhi na mungu wa kigeni jioni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba ahesabu ibada, na aache kuhesabu waumini. Ibada ina hekalu, makuhani, sikukuu na mali, na mji mmoja waweza kuwa na ibada nyingi pasipo moja kuila nyingine. Watawala wa nasaba ya Ptolemaio, wafalme wenye asili ya Kigiriki walioitawala Misri baada ya Aleksanda, ni mfano mzuri: waliikuza huko Aleksandria ibada ya Serapis, mungu mwenye sura ya Kigiriki aliyetokana na Osiris-Apis wa Memfisi, na papo hapo wakaendelea kuwajengea Wamisri mahekalu ya jadi, likiwemo lile la Horus huko Edfu lililoanza kujengwa mwaka 237 K.K. Katika modi nilimpa mfalme wa Misri akaunti mbili za uhalali, moja mbele ya Wagiriki na nyingine mbele ya makuhani wa Misri. Anayeipuuza ya pili huiona Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi, ikimponyoka, kama ilivyojitenga kwa takriban miaka 20 tangu mwishoni mwa karne ya 3 K.K.

Roma ilinisumbua zaidi. Mwaka 204 K.K., vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago, vikiwa bado vinaendelea, Warumi walimleta kwa heshima zote Mama Mkuu wa Miungu kutoka Asia Ndogo, baada ya kushauriana na vitabu vya Sibila, yaani vitabu vyao vya unabii. Mwaka 186 K.K. Seneti, baraza kuu la Roma hiyohiyo, ikaibana vikali ibada ya Bacchus, mungu wa divai. Ukiandika kanuni ya uvumilivu wa dini, yaani namba moja kwa dola nzima, mambo haya mawili hayataingia humo pamoja. Nilipoisoma upya amri ya mwaka 186 niligundua kwamba haikumkataza mungu mwenyewe: aliyetaka kuendelea aliweza kuomba ruhusa, ilimradi washiriki wasizidi watano na kusiwe na hazina ya pamoja. Kilichoiogopesha Seneti ni jumuiya yenye viongozi na fedha nje ya macho yake. Nikaipa kila ibada kipimo cha usiri na kipimo cha mpangilio, na vyote viwili vikipanda, tukio la Seneti hujitokeza lenyewe.

Wayahudi wanahitaji kanuni yao, kwani Mungu wao hakubali kuwekwa safu moja na wengine, na mchezaji anayewatawala akitumia amri za kupiga marufuku ibada yao, kama zile za mfalme Antioko wa Nne wa Siria za mwaka 167 K.K., anastahili kupata uasi wa Wamakabayo.

Majina nayo yana uzito. Nilikuwa nimeandika “wapagani” kwenye kitufe kimoja kilichowabeba Wakelti, Wagiriki na Wafoinike kwa pamoja, neno ambalo hakuna hata mmoja wao aliyejiita. Sasa kitufe hicho hakipo, na mchezaji anayebofya mji wa Tiro wa Wafoinike husoma jina la Melqart, mungu wa mji huo, hekalu lake, na maelezo mafupi kwamba Wagiriki walimwona kuwa ndiye Herakle wao, jambo linalompunguzia mtawala wa Kigiriki gharama ya kulitunza hekalu hilo.