Tairi nene kwenye lami: inawezekana, ila angalia upepo

Mkuu, umeuliza kama baiskeli ya tairi za inchi 4 itafaa kwa lami, Mbezi hadi Posta jijini Dar kila siku. Itafaa, ila jasho litakutoka, hasa kwenye milima.

Wengi wanakosea upepo. PSI 8 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo) ni za mchanga wa ufukweni. Barabarani, kwa upepo mdogo hivyo, tairi linanata, na usukani unavuta upande ukikata kona. Mimi najaza 20 hivi, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ule mvumo wa tairi kwenye lami, kama wa nyuki, utauzoea. Meno makubwa ndiyo yanauzidisha, na lami inayala haraka, kwa hiyo tafuta tairi lisilo na meno makubwa.

Beba tyubu ya akiba. Mafundi wengi wa pancha hawana saizi hiyo.