Baba, nenda wodini

Juzi Ijumaa tulikuwa kliniki Muhimbili, utrasaundi safi, eksirei ya kifua safi, daktari akamwambia binti yangu haya nenda kasome. Kesho yake tuko kwenye basi tunarudi Makambako, tumefika Ruaha Mbuyuni watu wananyanyua vitunguu madirishani, meseji ikaingia. Mtu simjui, namba yangu kapewa na mama mmoja tuliyekaa naye wodini. Mke wake ana miezi miwili Dar na mtoto wao wa miaka minne, uvimbe kwenye figo kama ule uliompata binti yangu, yeye kabaki Shinyanga na watoto wengine wawili na kazi, hela anatuma kila wiki. Halafu mwisho kaandika, "Kaka nisiwe mnafiki, nimeanza kuzoea kukaa bila wao. Nifanyeje?"

Nilinunua mahindi ya kuchoma, sikuyala.

Nikamjibu neno moja, nenda. Baadaye nikaona hilo neno bila stori yangu litaonekana amri ya mtu asiyejua gharama ya nauli, kwa hiyo hii ndo stori yenyewe na najua mko wengi mnaokaa kwenye hali hiyo hiyo kimya kimya.

Ilikuwa 2022. Mke wangu alikuwa kajifungua kwa oparesheni wiki ya pili, hainami, hanyanyui ndoo, ikabidi mimi ndo niwe namwogesha binti yetu, tumwite Kadogo, alikuwa na miaka mitatu na nusu. Kiukweli nilikuwa sijawahi kumwogesha huyo mtoto tangu azaliwe, nasema hivyo bila kujisifu. Siku hiyo nampaka sabuni tumboni upande wa kushoto mkono ukagonga kitu kigumu kama embe bichi. Nikamwita mama mkwe aliyekuja kumwangalia mzazi, akashika, akasema bandama hiyo. Siku tatu mfululizo akawa anamkanda na mafuta ya mnyonyo. Mama wa watu alikuwa anapenda mjukuu, simlaumu, lakini baadaye nilivyokuja kuona kwenye faili la mtoto imeandikwa tumbo lisibonyezwe hovyo, na nesi akanieleza ule uvimbe una ganda lake, ukikandwa unaweza kupasuka na kumwaga uchafu tumboni, niliishiwa nguvu. Mama mkwe mpaka leo hajui. Asipoambiwa na mtu hatajua.

Kituo cha kwanza tulichoenda walitoa dawa ya minyoo. Tukarudi, wakapima malaria, hamna, wakatoa dawa ya malaria hivyo hivyo. Wiki tatu zikaenda. Ilipokuja kupigwa utrasaundi sehemu nyingine yule mtaalamu alinyamaza, akarudia kupaka ile jeli, akanyamaza tena, nikajua. Rufaa, basi la alfajiri, Dar.

Nani aende na mtoto? Mama ana mshono na kichanga cha mwezi mmoja na kitu. Ndugu walikaa kikao, shangazi huyu ana shamba, mdogo wangu yule ana mtihani, na kaka yangu mkubwa akasema maneno ambayo nimejaribu kuyasamehe na sijamaliza. Alisema ugonjwa huo mtoto haponi, unaenda kuzika hela, bora ubaki ujenge. Mbele ya mke wangu mwenye kichanga kwenye titi. Krismasi iliyopita huyo huyo kaka alimbeba Kadogo akapiga naye picha akaweka status "Mungu ni mwema". Ni mwema kweli.

Basi nikaenda mimi. Mke wangu akachukua duka la spea za pikipiki.

Wodini nilikuwa mwanaume peke yangu kati ya akina mama karibu ishirini. Siku ya kwanza kila anayeingia ananiuliza mama yake yuko wapi, kama vile nimemwiba mtoto. Usiku nakaa kwenye kiti cha plastiki nimeegemea ukuta, mama akitaka kunyonyesha ananiambia kaka geuka, nageuka. Kufua nguo za mtoto niliwafurahisha sana, walicheka mpaka manesi wakaja. Wiki ya pili nikapewa cheo, wakaniita Mama Kadogo. Nikipita na beseni utasikia "Mama Kadogo leo umechelewa maji ya moto." Mwanzoni nilikuwa najisikia vibaya, ila niwaambie ukweli, sijawahi kupewa jina la heshima kuliko lile.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Wilms, ni saratani ya figo. Nilidhani ni jina la dawa kumbe ni la daktari Mjerumani aliyeandika habari zake mwaka 1899. Huwa unashika watoto wadogo, wengi chini ya miaka mitano, na daktari alinirudia mara tatu kwamba hausababishwi na chakula, wala kuanguka, wala laana ya mtu. Kwenye nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye huu ugonjwa wanapona. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 limeweka lengo kwamba ikifika 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona dunia nzima, na Wilms ni moja ya saratani sita walizozichagua kuanza nazo kwa sababu zinatibika. Yani kaka yangu alikuwa anazungumzia kuzika wakati ugonjwa wenyewe uko kwenye orodha ya inayotibika. Hiyo namba ya 9 kati ya 10 niliiandika kwa peni kwenye ganda la biskuti nikaitunza kwenye waleti.

Dawa za saratani wiki nne kwanza ili uvimbe usinyae, halafu oparesheni wakatoa figo lote la kushoto, halafu dawa tena wiki 27. Matibabu yenyewe ya mtoto hatukulipishwa, na chakula na pa kulala kati ya dozi vilikuwepo, watu wengi wa mikoani hawalijui hili wanauza ng'ombe kabla hata hawajafika. Lakini bure siyo bure kabisa, kuna nauli, kuna vocha, kuna duka lisilo na mwenyewe.

Ile dawa ya kila wiki, vinkristini, haimtapishi sana ila inafunga choo, mtoto analia anashika tumbo, nikajifunza papai na maji na ile dawa ya kulainisha, na baadaye ikamlegeza miguu akawa anaburuza nyayo kama bata. Nywele zilitoka kwenye mto asubuhi moja. Alizikusanya mwenyewe akaniambia baba nishikie. Nikashika. Siku mbili baada ya dozi unavaa glavu ukimbadilisha au akitapika. Na joto likifika 38 usisubiri asubuhi, usisubiri panado ifanye kazi, unaenda hospitali saa hiyo hiyo maana kinga imeshuka na mtoto anaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Nunua kipimajoto. Kama hutakumbuka kingine humu, kumbuka hicho kipimajoto.

Sasa huku nyumbani.

Mimi nilikuwa namdanganya mke wangu. Kila jioni akipiga nasema tuko vizuri, anacheza. Niliona namlinda, ana mshono, maziwa yatakauka. Siku moja nimempa Kadogo simu aongee na mama yake, akasema "Mama jana nimewekwa damu ya watu." Kimya. Nikachukua simu nikasikia anahema tu. Halafu akaniambia kitu ambacho sitakisahau, "Wewe unamjua mwanao, mimi nimekuwa jirani anayeuliza habari." Siku nne hakupokea simu zangu. Nilimtumia hela kwa M-Pesa akairudisha! Mwenye ndoa anajua mwanamke kurudisha hela maana yake nini.

Kwa hiyo ndugu zangu msifiche majibu. Damu imeshuka sema imeshuka. Mkeo siyo mtoto. Nilivyoanza kumwambia kila kitu, namba za damu, dozi imeahirishwa, oparesheni saa ngapi, ndo tukarudi kuwa watu wawili wenye mtoto mmoja, na ajabu maziwa hayakukauka.

Halafu duka. Niseme tu. Mwezi wa pili alinipigia akaniambia kijana wako wa dukani anauza tyubu na plagi zake mwenyewe kwenye kaunta yako, za kwetu zinakaa stoo. Miaka miwili nilikuwa naye huyo kijana, namwita mdogo wangu! Yeye na mtoto mgongoni kamkamata ndani ya wiki sita. Niliporudi duka lilikuwa na mzigo kuliko nilivyoliacha, na hadi leo yeye ndo anashika daftari, mimi naambiwa nikabebe maboksi.

Lakini aliyeumia kuliko wote hakuwa mimi wala mama yake, wala naweza kusema hata Kadogo. Ni kaka yake. Alikuwa na miaka minane, darasa la pili, tulimwacha na mama yake, bibi na kichanga, kila mtu anayeingia pale anauliza mgonjwa anaendeleaje, hamna anayemuuliza yeye. Mwalimu akampigia mama yake kwamba mtoto hasomi, anaomba ruhusa kila siku tumbo linauma. Nyumbani akawa anatoa tumbo nje, analivimbisha, anamwambia bibi yake shika hapa kuna kitu. Mama yake akampiga. Akanisimulia kwenye simu kwa hasira, na mimi nikasema umefanya vizuri, kwa nini anaigiza ugonjwa.

Mwezi wa sita shule zikafunga, mjomba wake akaja naye Dar. Alipomwona mdogo wake hana nywele hakulia, alikaa tu kwenye benchi nje anaangalia viatu vyake. Jioni nikamtoa tukanywe soda, na hapo ndo akaniuliza, "Baba, ukimpiga mtu mpira tumboni anapata uvimbe?" Nikamwambia mpira gani. Kumbe Januari walikuwa wanacheza nyuma ya nyumba, akapiga mpira ukampata Kadogo tumboni, mtoto akalia, yeye akamziba mdomo ili asisikike. Miezi yote ile alikuwa anajua yeye ndo kamuua mdogo wake. Lile tumbo alilokuwa anavimbisha siyo kuigiza, nadhani alitaka na yeye apate, wawe sawa. Na mimi nilimwambia mama yake kafanya vizuri kumpiga.

Nilimpeleka kwa daktari aliyekuwa zamu, nikamwomba amwambie mwenyewe. Yule daktari, Mungu ambariki, alichuchumaa akamchorea figo kwenye karatasi, akamwambia huu uvimbe ulianza zamani, mpira hauwezi kutengeneza hiki kitu hata ukipigwa mara mia, na hauambukizi, unaweza kulala naye kula naye. Akamuuliza maswali matano, akajibiwa yote. Ile karatasi ipo kwenye begi lake la shule mpaka leo imekuwa kama kitambaa.

Kama una watoto wengine waambie ukweli mapema kwa lugha yao. Waambie siyo kosa lao hata kama hawajauliza, maana hawatauliza.

Kuna jambo lingine siwezi kulipita. Baada ya oparesheni tumbo lilirudi dogo, mtoto anakimbia koridoni, na hapo ndo simu za nyumbani zilianza, si uvimbe umetoka, rudi, utakaa huko mpaka lini. Wodini kwetu kuna baba alimpigia mkewe amwambie kesho apande basi msimu wa kulima umeanza. Mama yule alilia usiku kucha akaondoka na mtoto wake asubuhi. Miezi mitatu baadaye walirudi, uvimbe umeshapanda kwenye mapafu. Sisemi zaidi. Yule baba siyo katili, hakuwahi kufika wodini hata siku moja, alikuwa anaamua mambo ya mahali asipopajua. Ndo maana nasema nenda. Ukae hata wiki moja kwenye hicho kiti, uone dozi inavyowekwa, daktari akueleze wewe kwa mdomo wake kwa nini wiki 27, ukirudi nyumbani ndugu wakisema mrudishe mtoto utakuwa na cha kuwajibu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hawakusema mama peke yake.

Na usiende mikono mitupu. Beseni lako, kanga mbili hata kama ni mwanaume, ndala, kipimajoto, waya mrefu wa kuchajia. Changia damu ukifika, usisubiri kuombwa. Mpe mkeo siku tatu akalale nje ya wodi, au arudi nyumbani akawaone hao wawili wengine. Na kama mkubwa anataka kwenda na wewe, mchukue.

Haya yote nilimwandikia yule wa Shinyanga tukiwa tumepita Kitonga, meseji ndefu mpaka simu ikawa moto, Kadogo kalala mapajani kwangu na begi lake la darasa la kwanza. Tiki mbili zikawa za bluu. Dakika ishirini hajajibu, nikajua nimemkera. Tunaingia Iringa ndo akaandika kaswali kamoja tu, kwamba sasa kaka, wanaume kule wanalala wapi?

Nikamwambia kuna kiti cha plastiki, ukifika usikubali kile kilichovunjika mguu.