Fazenda si shamba kila mahali: kwa mnaoanza kutafsiri Kireno

Wadogo zangu, nimepitia tena rasimu yenye "Mwanasheria Mkuu wa Shamba la Taifa". Safari hii sinyamazi.

1. Kabla hujagusa fazenda, angalia matini chanzi, yaani maandishi unayotafsiri, imetoka nchi gani. Brazil na Angola ni shamba kubwa, la ng'ombe au kahawa. Ureno shamba wataliita quinta, au herdade kule Alentejo, kusini mwa nchi; huko ukikuta calças de fazenda, hiyo ni suruali ya kitambaa, mara nyingi cha sufu.

2. F kubwa ikushtue. Katika hati za Brazil, Fazenda ni hazina ya serikali, na Ministério da Fazenda ni Wizara ya Fedha. Mwaka 2019 iliunganishwa katika Wizara ya Uchumi, ikarudi 2023, kwa hiyo hati za katikati zina jina jingine.

Rasimu yenyewe ilikuwa cheti kwamba kampuni haidaiwi kodi, cha kuambatanisha kwenye zabuni. Juu pameandikwa Procuradoria-Geral da Fazenda Nacional, yaani mawakili wa serikali wanaofuatilia madeni ya hazina. Kijana wetu alinakili kila namba na kila tarehe bila kosa, na Kireno chake ni kizuri kweli. Lakini kumbukumbu ya tafsiri, yaani programu inayohifadhi tafsiri za zamani, ilimpendekezea "shamba", akakubali, akasonga mbele. Neno tributos, kodi, lilikuwa palepale kwenye kichwa cha cheti! Shamba gani linatoza kodi? Nikamwita, nikamwambia asome ukurasa kwa sauti. Alipofika tributos akanyamaza, akachukua kalamu mwenyewe. Nampenda kwa hilo. Ila zabuni haisubiri: cheti kingekataliwa na mteja angetoka kapa kwa neno moja.

3. Quinta, yaani "ya tano", pia ni Alhamisi. Msihesabu tano mkaandika Jumatano. Jumatano ni quarta.

4. Roça ya São Tomé ni shamba kubwa la kakao la enzi za ukoloni, lenye nyumba zake na hospitali yake. Ya Brazil ni kishamba cha mkulima mdogo, au "kijijini" tu.

5. Msumbiji wanasema machamba, ambalo ni mashamba yetu yaliyovuka Ruvuma. Moja ni machamba, nyingi ni machambas. Hapo andikeni shamba bila hofu.

Rasimu za kesho nizipate kabla ya saa sita, nchi ya matini chanzi ikiwa imeandikwa juu kabisa.