Kwangu mabadiliko yalianzia kwenye sufuria ya maharage

Mleta uzi ameuliza: mtu wa mshahara wa kawaida, amepanga, ana watoto, afanye nini cha maana kutunza mazingira bila kugeuza maisha kuwa adhabu? Wengi hapo juu wamemjibu mifuko, mirija na kupanda miti. Mimi nipo Kigoma, Mwanga, na mambo haya nimehangaika nayo miaka kadhaa. Ngoja niseme yaliyonikuta. Ni marefu, mnivumilie.

Hata mimi nilianza na mifuko. Juni 1, 2019 marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza, nikatenga kapu la sokoni na ndoo yenye mfuniko ya kwenda nayo mwaloni Katonga kununua dagaa na migebuka. Nikajiona nimemaliza kazi. Huku jikoni gunia la mkaa linaingia, linaisha, linaingia lingine, wala sihesabu.

Aliyenizindua ni mama mkwe, alipotoka Kasulu kuja kumlea mjukuu. Siku ya pili tu akatuuliza: "Haya maharage mnayapika au mnayatesa?" Sisi tulikuwa tunayabandika makavu saa nane mchana, tunaongeza maji, tunaongeza mkaa, mpaka magharibi. Yeye aliyaloweka usiku kucha. Asubuhi akamwaga yale maji, akabandika kwa maji mapya, mfuniko juu na jiwe juu ya mfuniko. Yakishachemka vizuri kama nusu saa anaipua, anaiviringisha sufuria kwenye blanketi kuukuu, anaitumbukiza kwenye kapu kubwa na kwenda zake kumwogesha mtoto. Mchana tukifungua, yameiva na bado yanatoa mvuke. Nilidhani ametuficha jiko la pili.

Nikaanza kuandika ukutani, kwa kipande cha mkaa huohuo, tarehe ya kila gunia kufunguliwa. Zamani gunia lilikuwa halivuki wiki tatu. Baada ya mama mkwe likafika wiki tano na siku mbili tatu. Hakuna kifaa tulichonunua, na blanketi lilikuwa la kutupwa.

Kwa nini nang'ang'ania mkaa? Kwa sababu kwenye matanuri ya udongo wanayotumia wachomaji wetu, kilo 1 ya mkaa inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Mtu akikuona umebeba mfuko mmoja tu wa mkaa, kumbe umebeba mti. Mara ya kwanza nilipopanda boti kwenda kaskazini kupitia Gombe, kule alikoanza Jane Goodall kuwachunguza sokwe mwaka 1960, sikuhitaji kuonyeshwa mpaka wa hifadhi. Ndani msitu, nje vilima vimenyolewa. Nilinyamaza, maana jioni ileile nyumbani kwangu kulikuwa na maharage jikoni.

Gesi je? Tunayo, mtungi wa kilo 6, na serikali yenyewe imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lakini tuambizane ukweli. Lile jiko linalokaa juu ya mtungi ni zuri kwa chai, mayai na kupasha kiporo. Songa ugali wa watu sita uone: sufuria inacheza, mtungi unacheza, mke wangu ameushika kwa miguu kama anayekama ng'ombe. Ugali ulibaki kwenye mkaa mpaka tulipopata jiko la mezani la plate mbili. Na najua kuna mjuaji atasema gesi nayo inachimbwa ardhini. Sawa, lakini miombo haikatwi kwa ajili yake, na mke wangu hakohoi.

Jiko banifu nalo msinunue kwa maneno. La kwanza niliuziwa mnadani, likapasuka kabla ya miezi miwili. La pili nilichagua mwenyewe, lenye udongo mnene usio na ufa ndani, na mlango wa majivu unaofunga sawasawa. Huo mlango ndio wenye kazi. Moto ukishashika unaubana, mkaa unaliwa polepole.

Taka sitasema mengi. Maganda yanakwenda kwa kuku, yanayobaki yanaoza shimoni na kuwa mbolea ya matembele, chupa anapitia mama mmoja anayezinunua. Ila walio mabondeni huku wanielewe: mji wetu ni wa miteremko, mvua ikinyesha kila kilichotupwa korongoni kinaishia ziwani. Na Ziwa Tanganyika halina haraka ya kujisafisha. Lina kina cha karibu mita 1,470, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa jua. Plastiki haiondoki kwa jua.

Kuhusu samaki, mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, samaki wapate kuzaliana, tulilalamika sana pale mtaani, na mimi nikiwemo. Tulikula maharage mpaka watoto wakayapa majina. Tangu hapo migebuka michanga, ile ya urefu wa kidole, siinunui hata ikishushwa bei. Muuzaji ananiambia, "Kaka, usipochukua wewe atachukua mwingine." Anachukua kweli. Mimi bado sinunui.

Mwisho maji ya mvua, kwa kuwa mleta uzi kasema amepanga. Tanki na mfereji wa bati vinaokoa sana, huku mvua inanyesha miezi mingi. Ila usianze kabla ya kuelewana na mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Wangu alikuja, akalitazama tanki, akanisifu, mwezi uliofuata akapandisha kodi kwa sababu "nyumba sasa ina maji". Tulipohama nililipakia kwenye guta kabla hata ya kitanda.